Vitafunwa vya mbwa kwa matunda na mboga: Tenga kabla ya kuunga

Katika nyumba nyingi zinazofuga mbwa, chakula chake hakina sufuria yake. Ugali ukibaki, ni wa mbwa. Pilau likishika chini, ukoko ni wa mbwa. Mtoto akishindwa kumaliza wali na mchuzi, anaambiwa ampelekee mbwa, naye anakwenda mbio kwa furaha, kwa sababu kwake hiyo ni zawadi.

Tatizo ni kilichomo ndani ya zawadi hiyo. Mchuzi umeungwa kwa kitunguu. Pilau lina kitunguu maji na kitunguu saumu. Hata mchicha au kabichi, mboga ambazo zingeonekana hazina madhara, zimepita kwenye kikaango hichohicho. Na kitunguu, kiwe kibichi au kimepikwa, ni sumu kwa mbwa.

Habari njema ni kwamba mbwa anaweza kupata kitafunwa kizuri, cha bei nafuu na salama kutoka jikoni hapohapo, kwa karoti, boga, viazi vitamu, tikiti maji na ndizi ambazo familia inakula kila wiki. Ni kazi ambayo watoto wanaweza kuifanya pamoja na mzazi siku ya Jumamosi. Kinachotakiwa ni kujua nini kinafaa, nini hakifai, na kiasi gani kinatosha.

Je, mbwa anahitaji matunda na mboga?

Mbwa si mla nyama peke yake. Kwa maelfu ya miaka ameishi na binadamu na kula anachokula binadamu, na mwili wake umezoea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa mbwa wa kufugwa wana nakala nyingi zaidi za jeni linalosaidia kusaga wanga kuliko ndugu zao wa porini. Ndiyo maana mbwa anaweza kula ugali na viazi na kupata nguvu.

Hata hivyo, matunda na mboga si chakula chake kikuu. Mwili wa mbwa mwenye afya unajitengenezea vitamini C, hivyo hategemei machungwa kama mtoto anavyotegemea. Anachopata kwenye mboga ni nyuzinyuzi zinazosaidia choo, maji, na kitu cha kutafuna kisichonenepesha kama andazi au mafuta ya nyama. Chakula chake cha kila siku kinabaki kuwa kile chenye protini ya kutosha, kwa mfano nyama, dagaa, mayai yaliyopikwa, au chakula cha mbwa cha dukani.

Kanuni ya kwanza: tenga kabla ya kuunga

Kitunguu maji, kitunguu saumu na majani ya kitunguu vyote vina kemikali zinazoharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Chembe zikipasuka kwa wingi, mbwa anaishiwa damu. Kupika hakuondoi sumu hiyo, kukausha hakuiondoi, na unga wa vitunguu au viungo vya mchuzi vya pakiti vina sumu iliyokolea zaidi kuliko kitunguu kibichi. Kitunguu saumu kina nguvu zaidi kuliko kitunguu maji.

Kwa kitunguu maji, madhara makubwa huanza kuonekana mbwa anapokula takriban gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mbwa wa kilo 10, hiyo ni sawa na kitunguu kimoja kikubwa au viwili vya wastani. Mtu anaweza kusema makombo hayafiki huko. Lakini madhara hujikusanya: kiasi kidogo kinachorudiwa siku baada ya siku nacho huharibu damu.

Kinachowachanganya wafugaji ni kwamba dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Mbwa anakula leo, halafu baada ya siku tatu au nne anakuwa mnyonge, hataki kukimbia, fizi zinakuwa nyeupe, na mkojo unabadilika kuwa wa rangi ya kahawia au nyekundu. Kwa wakati huo hakuna anayekumbuka mchuzi wa Jumapili.

Kwa hiyo kanuni ni rahisi na haigharimu kitu. Kabla kitunguu hakijaingia kwenye mafuta, tenga cha mbwa. Unapomenya karoti, weka moja pembeni. Unapochemsha viazi vitamu vya chai, toa kipande kabla ya kutia chumvi. Unapokata boga, acha vipande vichache vichemke peke yake. Kama kibao kimetumika kukatia vitunguu, kioshwe kwanza.

Vinavyofaa

Hivi ni vyakula ambavyo mbwa wengi wazima wenye afya wanaweza kula kwa kiasi kidogo, bila chumvi, sukari, mafuta wala viungo:

Karoti. Mbichi au ya kuchemsha. Ikatwe vipande virefu vyembamba au ikwanguliwe, si vipande vya duara vinavyoweza kumkaba mbwa mdogo.

Boga. Lichemshwe, limenywe, litolewe mbegu. Lina nyuzinyuzi nyingi na nguvu kidogo, hivyo linamfaa mbwa mnene.

Viazi vitamu. Vipikwe kila mara na kumenywa.

Maharage mabichi ya kijani. Yachemshwe bila chumvi.

Tango. Vipande vidogo, hasa msimu wa joto.

Tikiti maji. Nyama nyekundu tu. Mbegu zote na ganda viondolewe kwa sababu vinaweza kuziba utumbo.

Papai. Libanduliwe ganda, mbegu zitupwe.

Embe. Nyama tu. Kokwa lisiachwe mahali mbwa anapofika.

Ndizi mbivu. Vipande vichache, kwa sababu ina sukari nyingi.

Tufaha. Bila kiini wala mbegu.

Kila kitu kipya kianze kimoja kimoja. Mpe kipande kidogo, kisha subiri siku moja au mbili uangalie kama anaharisha au kutapika kabla ya kujaribu kingine. Mbwa mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa figo au wa kongosho asipewe kitu kipya kabla ya kuzungumza na daktari wa mifugo.

Visivyofaa, hata kama analilia

Zabibu, mbichi au kavu. Zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Mbwa mmoja anaweza kula chache asipate kitu, mwingine akala hizohizo akalazwa. Keki ya zabibu na pilau la sikukuu lenye zabibu kavu visimfikie.

Ukwaju. Hapa wengi watashangaa. Mwaka 2021 madaktari wa mifugo nchini Marekani walieleza kuwa huenda kinachofanya zabibu iwe sumu ni asidi ya tatariki, na tangu hapo wameripoti mbwa walioharibika figo baada ya kula ukwaju, ambao una asidi hiyo kwa wingi. Juisi ya ukwaju na ubuyu uliochanganywa na ukwaju viwe vya watoto tu.

Unga mbichi wenye hamira. Unga wa maandazi au mkate ulioachwa uumuke ukiliwa na mbwa huendelea kuumuka ndani ya tumbo lenye joto. Tumbo linavimba, na hamira inatengeneza pombe inayoingia kwenye damu. Ni dharura.

Chokoleti na kakao. Mwili wa mbwa hauwezi kuondoa haraka kemikali iliyomo kwenye kakao. Kadiri chokoleti inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyokuwa hatari.

Bazoka na pipi zisizo na sukari. Nyingi zimetiwa utamu kwa xylitol. Kwa mbwa, utamu huu hushusha sukari ya damu ghafla, wakati mwingine ndani ya nusu saa, na unaweza kuharibu ini. Baadhi ya siagi za karanga za dukani nazo zinao, hivyo soma lebo kabla ya kuitumia kwenye vitafunwa.

Makadamia. Karanga hizi zinazolimwa Kenya na nyanda za juu kusini mwa Tanzania humfanya mbwa alegee miguu ya nyuma, atetemeke na kupata homa.

Parachichi. Nyama yake ina mafuta mengi yanayoweza kuchochea ugonjwa wa kongosho, na kokwa linaweza kuziba utumbo.

Muhogo mbichi na viazi mviringo vya kijani. Muhogo mbichi una sumu ya sayanidi, na viazi vilivyogeuka kijani vina solanini. Vyote viwili ni hatari hata kwa binadamu.

Gunzi la hindi. Hili halina sumu, lakini ni miongoni mwa vitu vinavyowapeleka mbwa kwenye upasuaji. Gunzi halisagiki tumboni. Linanaswa kwenye utumbo na kuuziba. Mtoto anayekula hindi la kuchoma afundishwe kutupa gunzi kwenye pipa lenye mfuniko.

Unga ulioharibika si wa mbwa

Kuna mazoea mengine yanayostahili kukoma. Unga ukiota ukungu au karanga zikinuka, familia hazitupi, zinasema ni za mbwa. Lakini mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika haraka na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Inashambulia ini. Kuchemsha au kuoka hakuiondoi.

Afrika Mashariki inaijua sumu hii kwa uchungu. Mwaka 2004 ilisababisha vifo vya watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua watu katika mikoa ya kati ya Tanzania. Unga usiomfaa mtoto haumfai mbwa. Uzikwe au utupwe mahali ambapo hata kuku hawafiki.

Mapishi matatu ya kujaribu na watoto

Biskuti za viazi vitamu na karoti

Mahitaji: kikombe 1 cha viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa, karoti 1 iliyokwanguliwa, yai 1, na vikombe 2 vya unga wa atta. Hakuna chumvi, sukari, hamira wala mafuta.

Changanya viazi, karoti na yai. Ongeza unga kidogo kidogo huku ukikanda hadi upate donge gumu lisilonata mikononi. Sukuma kama chapati, unene wa kama nusu sentimita. Hapa ndipo mtoto anapochukua nafasi: akate kwa kifuniko cha chupa au kisu butu. Oka kwenye oveni kwa nyuzi joto 180 kwa dakika 25 hadi 30, mpaka zikauke pande zote.

Nyumba isiyo na oveni itumie sufuria nzito kwenye jiko la mkaa, moto mdogo chini na makaa machache juu ya mfuniko, kama inavyookwa keki ya nyumbani. Geuza mara moja. Biskuti ziache zipoe kabisa kabla ya kuzifunika, la sivyo mvuke utazifanya ziote ukungu.

Matobolwa ya mbwa

Wakazi wa Kanda ya Ziwa wanaijua kazi hii. Viazi vitamu vinachemshwa, vinamenywa, vinakatwa slesi na kuanikwa juani hadi vikauke na kuwa vigumu kutafuna. Chakula hichohicho cha wakati wa njaa ni kitafunwa kizuri cha mbwa, kwa sababu kinamchukua muda kutafuna. Anika juu ya uteo au wavu safi, funika kwa chandarua kuzuia nzi, na uingize ndani jioni. Kipande kikionyesha madoa ya ukungu, tupa.

Lambalamba ya tikiti

Ponda vipande vya tikiti maji visivyo na mbegu, au papai lililoiva. Changanya na vijiko viwili vya mtindi usio na sukari ukipenda. Mimina kwenye trei ya barafu na ugandishe. Usitumie vifuko vya plastiki, kwa sababu mbwa anaweza kumeza na plastiki yake. Kwa mbwa wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi Januari, kipande kimoja mchana wa jua kali kinatosha kumfurahisha. Lakini hakichukui nafasi ya bakuli la maji safi.

Biskuti zilizokauka vizuri zinakaa siku tatu hadi nne kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, na kama wiki moja kwenye friji. Maeneo ya pwani yenye unyevu, tengeneza chache kila mara.

Kiasi gani kinatosha?

Kanuni inayotumiwa na madaktari wa mifugo ni kwamba vitafunwa vyote visizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mbwa anapata kwa siku. Mbwa mzima wa kilo 10 anahitaji takriban kalori 600 kwa siku, hivyo vitafunwa vyake visizidi kalori 60. Hiyo ni kama nusu ya ndizi mbivu ya kawaida, au karoti mbili za wastani. Si vyote viwili.

Nyumba yenye watoto watatu ina tatizo lake: kila mmoja anampa kwa wakati wake, na hakuna anayejua mwenzake kampa ngapi. Suluhisho ni kuweka vitafunwa vya siku kwenye kikopo kimoja asubuhi. Kikiisha, kimeisha, hata mbwa akiangalia kwa macho ya huruma.

Mtoto anapompa mbwa

Hapa ndipo afya ya mbwa inapokutana na afya ya familia. Mbwa mpole wa nyumbani anaweza kuuma akiwa na chakula mdomoni, na mtoto ndiye aliye karibu na meno.

Mtoto mdogo asimpe mbwa chakula peke yake. Mtu mzima awepo, si dirishani, bali pembeni yake. Kitafunwa kiwekwe kwenye kiganja kilichofunguka, si kati ya vidole. Asimchezee mbwa kwa kumnyima: kumwonyesha, kuficha, kumwonyesha tena. Asimguse mbwa anayekula au mwenye watoto wachanga, wala asimnyang'anye kitu kilichoko mdomoni.

Baada ya kumpa, mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mbwa anaweza kubeba mayai ya minyoo ambayo yakimezwa na mtoto huweza kuleta madhara kwenye ini, mapafu hata macho. Mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wa mifugo, na kinyesi chake kiondolewe uani watoto wanapocheza. Bakuli na kijiko cha mbwa viwe vyake, vioshwe na kuwekwa peke yake. Kwa familia za Kiislamu zinazofuga mbwa wa ulinzi, utaratibu huu wa kutenga vyombo si mgeni.

Kabla ya yote hayo, mbwa awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa na arudiwe kwa ratiba. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa ugonjwa huo unaua takriban watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Mtoto akiumwa au kuparuzwa, hata na mbwa wa nyumbani, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu kila mara mgonjwa hufa, lakini chanjo ikitolewa mapema inazuia. Watoto waambiwe mapema kuwa hawatagombezwa wakisema wameumwa, kwa sababu wengi huficha wakiogopa fimbo.

Akila kisichofaa

Mbwa akila kitunguu kingi, zabibu, ukwaju, chokoleti, bazoka au unga wenye hamira, usisubiri dalili. Andika alichokula, kiasi gani na saa ngapi, chukua pakiti kama ipo, kisha mpigie daktari wa mifugo au ofisa mifugo wa kata yako.

Usimlazimishe kutapika kwa kumnywesha maji ya chumvi, kwa sababu chumvi nyingi nayo ni sumu kwake. Maziwa na mafuta ya kula, ambavyo wengi hukimbilia, si dawa ya sumu hizi na yanaweza kuongeza tatizo. Namba ya daktari wa mifugo iandikwe ukutani jikoni leo, karibu na ya zahanati, kabla haijahitajika.